Mwacheni Amlilie Paka Wake

Kiswahili kina adabu katika kutaja kifo. Mtu hufariki, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki. Mnyama hufa tu. Mwili wa mtu ni maiti nao husitiriwa, wa mnyama ni mzoga nao hutupwa. Mpaka huo una sababu zake na sina haja ya kuufuta. Ila msikilize mtu aliyekaa na paka miaka 14, ambaye asubuhi moja anamkuta amelala pale pale alipomwacha usiku, mwili umekakamaa. Neno mzoga halimtoki. Neno maiti anajua litachekwa. Kwa hiyo husema "amekufa" kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa, na jirani humjibu kwa maneno ambayo karibu kila mfuga paka ameyasikia: si paka tu huyo, paka wamejaa mtaani, chukua mwingine. Jirani hana ubaya. Anapima msiba kwa mizani aliyo nayo, na mizani yenyewe ndiyo mbovu. Huzuni ya aliyefiwa na paka ni huzuni halali. Ina mizizi mirefu katika dini na katika bahari yetu hii kuliko tunavyodhani, wala haimlazimu mtu kumgeuza paka kuwa binadamu ndipo aheshimiwe anapomlilia.

Tuanze na mizani. Ng'ombe wa maziwa akifa, majirani hufika. Hakuna anayemwambia mwenyewe kwamba ng'ombe wamejaa mnadani. Hupewa pole kwa sababu hasara yake inahesabika: lita za kila asubuhi, ndama ambaye angezaliwa, ada ya shule iliyotegemewa. Paka hana hesabu hiyo. Katika mitaa na vijiji vyetu vingi paka hauzwi. Huombwa kwa jirani ambaye wake amezaa, akaletwa ndani ya kikapu, na wengine huja kwa miguu yao wakakaa. Haliwi, hakamuliwi, habebi mzigo. Ni kweli hukamata panya, na panya ndiye aliyetukutanisha naye: uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana na pakapori wa Mashariki ya Kati, ndugu wa pakapori anayetembea hadi leo katika mbuga zetu, ambao walisogea wenyewe penye nafaka za wakulima wa kwanza. Lakini yako majumba yenye paka mzee aliyeacha kuwinda zamani, na bado kichwa cha samaki huwekwa kando kwa ajili yake. Ukiondoa maziwa, nyama, kazi na bei, kinachobaki kati ya mtu na paka ni mazoea na mapenzi. Jirani asipoona hasara haoni msiba, kumbe katika vilio vyote vya mfugaji hiki ndicho kisicho na hesabu ya mali ndani yake. Wahenga waliosema kwamba paka wa nyumba haingwa walikwisha kuliona hilo. Kuinga ni kufukuza ndege na wanyama wa nje wanaoharibu shamba. Paka huyu si wa nje, ana haki ya kuwa ndani, na aliye na haki ya kuwa ndani huacha pengo anapotoka.

Haki hiyo ya kuwa ndani haikutungwa na wahenga peke yao. Imo katika fikihi inayofundishwa madrasa za mwambao. Imepokewa kutoka kwa Kabsha binti Kaab bin Malik kwamba alimtayarishia baba mkwe wake, sahaba Abu Qatada, maji ya udhu. Akaja paka, na mzee yule akakiinamisha chombo hadi paka akanywa. Alipoona mkwewe anashangaa, alimweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia nyumbani. Neno la Kiarabu lililotumika hapo linatokana na mzizi uleule wa tawafu, mzunguko wa mahujaji kwenye Al-Kaaba, na ndilo linalotumika katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, kwa watumishi na watoto wanaoingia na kutoka vyumbani. Tazama jinsi hukumu ilivyojengwa. Paka hakusafishwa kwa sababu ni mtakatifu, wala kwa sababu anakamata panya. Alipewa hukumu ya wale wanaopitapita miguuni mwetu mchana kutwa, ambao hatuwezi kuishi kwa kuwakwepa. Basi akiondoka anayezunguka, nyumba nzima hupungua mzunguko. Mtu anayefungua mlango jioni akatazama chini kwa mazoea, asione kitu, amekutana na pengo ambalo sheria yenyewe ilikwisha kulitaja jina miaka takriban 1,400 iliyopita.

Kwa anayeuliza kama dini ina nafasi ya huzuni ya mnyama aliyekufa, iko habari ya Abu Umayr. Alikuwa mtoto mdogo, ndugu yake sahaba Anas bin Malik, na alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye. Ndege akafa. Mtume alipotembelea nyumba hiyo alimkuta mtoto amenyong'onyea, akauliza ana nini, akaambiwa. Hakumwambia mtoto kwamba ndege wamejaa mitini. Alimwita kwa kunia yake, baba Umayr, heshima anayoitiwa mtu mzima, na akamuuliza ndege yule amefanya nini, kwa maneno yenye vina ambavyo mtoto angefurahi kuvisikia. Mwanachuoni Ibn al-Qass wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, aliandika risala nzima kuhusu hadithi hiyo moja akatoa ndani yake faida 60. Mimi nashika moja tu. Mtu mwenye umma mzima wa kuuongoza alisimama kwa ajili ya ndege wa mtoto, akamtaja ndege huyo kwa jina la aina yake, na hakuona kwamba anapoteza wakati.

Ushahidi mwingine uko kaskazini mwa bahari yetu, katika ufuo wa Misri wa Bahari ya Shamu, kwenye magofu ya bandari ya Berenike. Bandari hiyo iliasisiwa na Mfalme Ptolemy wa Pili katika karne ya tatu kabla ya Kristo, akaipa jina la mama yake. Mabaharia wa huko walifika hadi kwetu: kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, ambacho wanahistoria wa Afrika Mashariki hukitaja sana, kinaitaja Berenike, kisha kinashuka na pwani ya Azania hadi soko la mwisho la Rapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Sasa, nje kidogo ya mji huo, chini ya jaa la zama za Kirumi, wachimbaji walikuta makaburi ya wanyama ya karne ya kwanza na ya pili. Mtaalamu wa mifupa ya wanyama kutoka Poland, Marta Osypińska, na wenzake walichapisha mwaka 2021 matokeo ya uchunguzi wa wanyama 585. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa paka. Waliobaki wengi wao ni mbwa, pamoja na nyani wachache. Wengi wao walilazwa kila mmoja katika shimo lake. Baadhi walifunikwa kwa kitambaa au kwa kigae cha mtungi uliovunjika, kama kifuniko cha jeneza. Paka kadhaa walikuwa na kola ya chuma shingoni au kidani cha shanga za vioo na simbi. Hawakukaushwa kwa dawa wala hawakuchinjwa kwa ibada. Walikufa kwa uzee, maradhi na ajali, wakazikwa.

Inafaa kukaa kidogo na makaburi hayo, kwa sababu Misri ilikuwa na njia nyingine ya kumtukuza paka, na ukizilinganisha njia hizi mbili unajifunza jambo. Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne ya tano kabla ya Kristo, anasema watu wa nyumba iliyofiwa na paka walinyoa nyusi zao, na kwamba paka waliokufa walipelekwa mji wa Bubastis. Baadaye kukazuka biashara ya hekaluni: paka wachanga walifugwa kwa wingi, wakavunjwa shingo, wakafungwa vitambaa na kuuzwa kwa mahujaji kuwa nadhiri. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1890 shehena ya takriban tani 19 za paka hao waliokaushwa ilipelekwa Liverpool, Uingereza, ikapigwa mnada na kusagwa kuwa mbolea. Paka aliyeabudiwa alinyongwa angali mdogo. Paka wa Berenike, ambaye hakuabudiwa na mtu, aliachwa azeeke. Miongoni mwa wanyama wa makaburi yale wako waliopoteza meno, ambao wasingeweza kuishi bila mtu wa kuwaandalia chakula laini, tena katika mji wa jangwani ambako nafaka ilisafirishwa kwa ngamia kutoka bonde la Nile. Ndiyo maana sikubali kwamba heshima ya paka aliyekufa ni mabaki ya ibada za kipagani. Ibada ilimuua paka. Aliyemtunza na kumzika ni mtu wa kawaida wa bandarini, mwenye jasho na deni.

Habari hiyo pia inajibu pingamizi linalosikika kuliko yote, kwamba kumlilia paka ni anasa ya Wazungu na watu walioshiba. Waliowazika wale paka walikuwa askari, mabaharia na wachuuzi wa Misri, wa Uarabuni na wa Bara Hindi, na mji wao ulikuwa mgumu. Nenda Lamu leo, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001: paka wake wembamba wa miguu mirefu wamelala barazani na kwenye ngazi za gati, na si shibe iliyowaweka pale. Ila pingamizi hili lina upande mzito zaidi. Linauliza: kuna watoto wanaolala njaa, wewe unalilia paka? Swali hilo lina uchungu wa kweli na halistahili kupuuzwa. Lingekuwa na nguvu kama kilio cha paka kingemnyima mtoto uji. Lakini huzuni haitoki katika kapu moja na unga, ukichota hapa pale pakapungua. Mtu anayelia timu yake imefungwa haulizwi habari za wenye njaa. Tunaelewa kwamba moyo wake umeshikamana na kitu na kitu hicho kimemuumiza. Na ile hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie haikusubiri njaa za watu ziishe duniani ndipo ihesabu njaa ya paka mmoja.

Wapo wanaoshambulia kutoka upande mwingine. Paka hakupendi, wanasema. Anapenda samaki wako na joto la jiko lako, na anayemlilia anajililia mwenyewe. Hapa sayansi imejaribu kupima. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, wakiongozwa na Kristyn Vitale, waliwaweka paka wachanga pamoja na walezi wao katika chumba kigeni. Mlezi alitoka kwa dakika mbili, kisha akarudi. Karibu thuluthi mbili yao walimkaribia mlezi, wakatulia, wakarudi kuchunguza chumba, mwenendo unaofanana na wa mtoto mchanga anayemwamini mzazi wake, na kwa kiwango kinachokaribiana. Mwaka huohuo Atsuko Saito na wenzake huko Japani walionyesha kwamba paka hutofautisha jina lake na maneno mengine yanayolingana nalo. Lazima niseme pia kwamba utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 haukuona kwa paka wazima uhusiano wa aina ile wa mtoto na mzazi. Uliwaona ni wenye kujitegemea zaidi. Kwa hiyo sitadai kwamba paka anapenda kama mtu apendavyo. Nadai kidogo tu: kwamba kuna kiumbe aliyejua jina alilopewa, akajua mlango gani ni wake, akachagua kila usiku kurudi hapo badala ya kwingine. Na hata kama mapenzi yalielemea upande mmoja, tangu lini kilio kinahitaji risiti ya mapenzi ya marehemu? Tunawalilia watoto wachanga ambao hawakuwahi kutwambia neno.

Mwaka 1989 msomi wa Marekani Kenneth Doka alitoa kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi kibali: haina mazishi, haina ruhusa kazini, haina anayeleta pole, na kifo cha mnyama wa nyumbani ni miongoni mwa mifano yake. Alichokiona ni kwamba kukosa kibali hakupunguzi maumivu, kunayaongezea upweke. Sisi tunaojua nguvu ya kukaa matanga hatuhitaji kufundishwa hilo. Tunajua kwamba msiba hubebeka kwa sababu watu wamejaa uani, chai inachemka, mtu anasimulia habari za marehemu hadi anacheka katikati ya machozi. Aliyefiwa na paka hana ua uliojaa. Sidai apewe, sitetei khitma wala tangazo la kifo redioni, na mwenye busara hasitishi kazi yake siku 40 kwa ajili ya paka. Lakini fikiria ni nani hasa wanaofiwa namna hii. Mara nyingi ni mjane ambaye watoto wamehamia mjini, na paka ndiye kiumbe wa mwisho aliyekuwa akiitika sauti yake. Katika baadhi ya maeneo yetu mama huyo ataificha huzuni yake kabisa, maana mwanamke mzee na paka wake hushukiwa ushirikina kwa urahisi wa kutisha. Kumnyima pole mtu wa namna hiyo ni kumwongezea msiba juu ya msiba.

Yuko mtu mmoja aliyekataa kuificha. Ibn al-Allaf, mshairi kipofu wa Baghdad aliyefariki karibu mwaka 930, alikuwa na paka mwenye tabia mbaya ya kuingia kwenye vibanda vya njiwa vya majirani na kula makinda. Majirani walichoka, wakamnasa, wakamuua. Mshairi akamtungia kaside ya maombolezo yenye beti 65, ikawa mashuhuri. Mwandishi wa wasifu Ibn Khallikan, karne tatu baadaye, anasimulia jinsi watu walivyohangaika kutafuta fumbo: wengine walisema paka ni Ibn al-Mu'tazz, mwanamfalme mshairi aliyekaa kwenye ukhalifa siku moja tu akauawa mwaka 908, na kwamba Ibn al-Allaf alimwogopa khalifa aliyekuwa madarakani, wengine wakamtaja mtoto wa waziri, na wako waliosema mengine. Wasikilizaji wa Kiswahili tunayaelewa mafumbo, yamo katika damu ya ushairi wetu, na yumkini mshairi alikusudia mtu. Ila fumbo lina sharti. Halifichi kitu mpaka maana yake ya juu iaminike. Kama Baghdad yote ingeona kwamba hakuna mwenye akili anayeweza kumlilia paka, beti zile zisingemdanganya mlinzi yeyote wa ikulu. Zilimkinga mshairi, kama kweli zilimkinga, kwa sababu kila mtu mjini alijua kwamba paka huliliwa.

Kuna jingine katika kaside hiyo ninalolithamini zaidi. Mshairi haufichi wizi. Anamlaumu paka wake kwa tamaa iliyompeleka kwenye njiwa, anaeleza alivyonaswa, na hapo hapo anamlilia. Wengi wanaotaka kumtetea paka aliyekufa hufanya kinyume: humpamba, humfanya malaika mwenye manyoya, mtoto, mwenzi wa ndoa, na kwa kufanya hivyo humpa jirani sababu ya kucheka. Paka hahitaji kupandishwa cheo. Alikuwa paka. Aliiba dagaa, alikwaruza mkeka mpya, alichukia mvua, alilala juu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi, alilia mlangoni alfajiri kabla ya adhana na akafunguliwa na mtu aliyekuwa akinung'unika. Hayo ndiyo ya kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yake peke yake na hakuna paka mwingine mtaani atakayeyarudia yote. Ndipo unapoona kwa nini "chukua mwingine" ni jibu lisilofaa siku ile. Huyo mwingine huenda akaja, na akija akaribishwe. Lakini atakuja na mambo yake.

Lililo zito zaidi ni suala la mtoto. Kwa watoto wengi kifo cha paka ndicho cha kwanza kukiona kwa karibu, na wazazi, kwa kumhurumia, humwambia paka amesafiri, au amekimbia. Naona hilo ni kosa. Mtoto atasubiri mlangoni, na siku atakapoujua ukweli atajua pia kwamba kifo ni jambo ambalo watu wazima hulidanganyia. Bora aambiwe paka amekufa, aone shimo likichimbwa, kina cha kutosha mbwa wasifukue na mbali na kisima, na aruhusiwe kuweka jiwe juu. Ikiwa paka alikuwa na dalili za kichaa cha mbwa, asiguswe kwa mikono mitupu na ofisa mifugo apewe taarifa. Vinginevyo hakuna sababu ya kumtia kwenye kiroba na kumtupa jaani mbele ya macho ya mtoto aliyempa jina.

Na jirani anayepita akamkuta mwenye paka amekaa barazani, macho mekundu, hatakiwi kuwa na hotuba. Alichofanya Mtume kwa Abu Umayr kilikuwa swali. Na aulize paka alikuwa akiitwa nani, alikuwa akilala wapi, alikuja vipi hapo nyumbani. Kisha avute kiti, kwa sababu jibu litakuwa refu.